Flavia, fundi aliyeingiza magunia ya Goweko kwenye kompyuta

Saa mbili asubuhi, kijijini Goweko, mkoani Tabora. Flavia Sixbert amelala chali chini ya mashine ya kusaga, unga umemjaa kwenye kope. Inayoonekana ni miguu tu, na wateja wanaofika wanaisalimia hiyohiyo kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mayo!"

"Mwangaluka," sauti inajibu kutoka chini.

Anafunga taa nyekundu, ndogo kama punje ya hindi. Haina betri wala waya wa kutoka kwenye nguzo. Inawashwa na mtikisiko wa mashine yenyewe. Flavia amebandika visahani vyembamba, vya aina ile inayolia ndani ya saa za kengele, juu ya vipande vya chuma. Mashine ikitikisika vipande vinapinda, na kila kikipinda kinatoa umeme kidogo.

"Kidogo mno," anacheka. "Masolwa aliniuliza kama utachaji simu yake. Nikamwambia labda mwakani."

Masolwa ndiye msagaji wa hapa. Kazi ya taa ni moja tu: iwake muda wote mkanda unaotoka kwenye injini unapozunguka, izimike ukisimama. Injini ikizimwa, mkanda huendelea kuzunguka kimyakimya, na ndani ya kibanda chenye giza na vumbi la unga macho hayauoni vizuri. Hivyo ndivyo mama yake Flavia, Josepha, aliyekuwa akisaga hapahapa, alivyopoteza vidole viwili vya mkono mmoja. Tangu siku hiyo hajaugusa tena mkanda.

Flavia alisomea ufundi mitambo na sasa ana karakana yake Tabora mjini. Kabla ya kukata chuma chochote aliiunda mashine yote ndani ya kompyuta, akaitikisa humohumo: kwa kasi, polepole, hadi kusimama. Kompyuta ikamwonyesha kila kipande kiwe na urefu gani ili kiitikie mwendo wake, wa kasi au wa polepole, na kitatoa umeme kiasi gani. Kwenye kioo, taa ilifanya kazi bila dosari.

Goweko ikamuumbua. Siku ya majaribio, mbele ya watu, injini ilizimwa na taa ikazimika mapema. Masolwa akapeleka mkono. Mkanda ulikuwa bado unazunguka. Josepha, aliyekuwa mlangoni, alimrukia na kumvuta shati kwa vidole vyake vitatu.

"Taa yangu ilisema uongo mbele ya mama yangu," anasema Flavia, na utani wote unamtoka. "Nililia njia nzima hadi mjini."

Aliporudi kuchunguza, ndipo alipoyaona magunia. Goweko mtu hasimami foleni. Linalosimama ni gunia lake, limeegemezwa kwenye fremu ya mashine, na mwenyewe yuko zake nje anapiga soga. Magunia yale yalikuwa yanameza mtikisiko. Kwenye kompyuta Flavia alikuwa ameiweka mashine tupu, isiyo na mteja hata mmoja.

"Mimi mtoto wa hapa, nimeegemeza magunia pale tangu utotoni! Nikayasahau!"

"Ungewakataza tu," Masolwa anamchokoza.

"Nawakatazaje, na foleni wataiweka wapi?"

Hakumkataza mtu. Aliyaingiza magunia kwenye kompyuta, mengi na machache, yaliyojaa na ya nusu, akapiga hesabu upya. Kisha akabadili urefu wa vipande na kuvihamishia karibu na beringi, pale mhimili wa mashine unapozungukia, magunia yasikofika.

Leo anarudia jaribio lile. Magunia yameegemea kama kawaida. Masolwa anazima injini. Mlio unakufa, taa bado inawaka. Inapepesa. Inapepesa tena. Inazimika.

"Nataka kila mashine kuanzia hapa hadi Nzega iwe na taa hii," anasema Flavia bila kubandua macho kwenye mkanda.

Masolwa hasogei. Anayesogea ni Josepha. Anawapita wote, ananyoosha mkono wake wa vidole vitatu na kuuweka juu ya mkanda.

"Umesimama," anasema. Kisha anawageukia wateja. "Haya, gunia la kwanza la nani?"