Mzigo wa Kiti cha Nyuma

"Mwambie mumeo," alisema Qabale, "hii gari itatoka kwa hii boma siku mimi nitatoka. Na mimi nitatoka nikiwa nimebebwa na watu wanne."

Mulki alishusha pumzi. Alikuwa amesimama katikati, kati ya mama yake mzazi aliyeketi kwenye mkeka mbele ya gari na ukuta wa mabati wa gereji, ambako nyuma yake mumewe Wario alikuwa akigongagonga spana bila kazi.

"Mama amekataa," aliuambia ukuta.

"Sikusema nimekataa! Nimesema watu wanne. Mwambie yote."

"Amesikia, mama. Hii ni bati, si mlima."

"Kusikia si kuambiwa."

Ukuta ukakohoa. "Mulki," sauti ya Wario ikatoka polepole, imejaa adabu mpaka inamwagika, "mwambie mama, kwa heshima zote, hiyo gari ina miaka miwili haijasonga. Kuku wanalala ndani. Mnunuzi ametoka Burat na pikipiki, yuko njiani. Mwambie pia atoe mkeka hapo, nipate kufika kwa boneti."

"Mwambie mkeka umeshika baridi ya hapa, hauwezi kuhama."

Hiyo ndiyo ilikuwa hila yake. Kwa Waborana, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawatupiani maneno mdomo kwa mdomo. Ni heshima. Wengine heshima hiyo wanaivaa kama nguo. Qabale aliishika kama rungu. Tangu asubuhi alijua ya kwamba maadamu yeye ameketi mbele ya Starlet, Wario atabaki kufungiwa ndani ya gereji yake mwenyewe kama ndama, na gari haliwezi kuuzwa na mtu ambaye hawezi kulikaribia.

Na tuseme ukweli, ukilitazama gari lenyewe ungeuliza wanagombania nini. Starlet ya zamani, ile ndogo inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Zamani lilikuwa jeupe, sasa lina rangi ya chai iliyosahauliwa kwa kikombe. Juu ya boneti kuna nundu kama ya ngamia, na ukisogea karibu unaona nundu hiyo ni sufuria. Sufuria hasa, ya kupikia pilau, imepinduliwa na kupigwa ribiti pande zote. Ilikuwa ya Mulki. Mpaka leo akipika pilau ya watu wengi humtazama mumewe kwa jicho moja.

Sufuria ilifika hapo kwa sababu ya maziwa. Ngamia wa upande wa Garbatulla hukamuliwa alfajiri, na basi la kupeleka maziwa Nairobi lilikuwa linaondoka Isiolo saa nane mchana. Kati ya alfajiri na saa nane kulikuwa na mashimo, mawe, mchanga na jua. Starlet na injini yake ya kuzaliwa nayo ilikuwa inafika stendi wakati basi limebaki vumbi, na Mulki anabaki na jerikeni kumi na mbili za maziwa yanayomchachia mbele ya macho. Basi Wario akapata injini ya gari la Mark Two lililopinduka huko barabara ya Archer's Post. Injini ndefu, ya silinda sita, ya gari la wakubwa. Alihangaika nayo wiki tatu. Ilikataa kuingia kama fahali anayekataa lori. Akakata ukuta wa mbele, akasukuma injini mpaka karibu ikae kwenye mapaja ya dereva, akachomea, akafunga, na kichwa cha injini bado kilikuwa kimechomoza nje. Ndipo akaingia jikoni, mkewe akiwa sokoni.

Gari likawa na mbio za ajabu, na kilema kimoja. Mbele likawa zito, nyuma jepesi. Likitoka Garbatulla na maziwa nyuma, lilitulia kama mwali. Lakini likirudi huko na jerikeni tupu, mkia ulitupwa huku na huku. Wario akajaribu gunia la mchanga. Mchanga ukaingia kwenye jerikeni zilizokwisha fukizwa moshi wa kuhifadhi maziwa, na kina mama wa Garbatulla wakazirudisha na matusi juu. Akajaribu mawe, mawe yakavunja kioo. Ndipo Qabale akasimama mbele ya bintiye akajishika kiuno. "Mimi ni kilo tisini na tano," alisema, "na sitoi mchanga."

Na ile heshima je? Wario akang'oa kioo cha kutazama nyuma. Akatundika leso kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Mama mkwe akaingia kwa mlango wake, mkwe kwa mlango wake, wote kichwa chini, na kwa kuwa hawawezi kusemezana, Qabale alipewa bakora ya kugonga paa. Kugonga mara moja: punguza. Mara mbili: ongeza. Miaka tisa walikwenda hivyo, na mpaka leo Wario hajui kugonga mara moja kunasikika vipi.

Sasa kuna lami inakuja, na lori lenye tangi la baridi linazunguka kuchukua maziwa huko huko. Starlet ikasimama. Qabale pia akasimama. Kila alipokwenda Garbatulla kwa basi, akakaa na kina mama kwenye kivuli akaanza, "Siku ile tulipompita mbuni," vijana wa huko walikuwa wanacheka kabla hajafika kwa mbuni. Angalau wakija Isiolo angewashika mkono, awalete mpaka hapa bomani, awaonyeshe sufuria ilipobonyea: hapa ndipo mbuni alipopiga teke. Wangenyamaza. Mungu alikuwa shahidi wake wa kwanza, na gari la pili, na Mungu hakuwa anajibu maswali ya vijana. Gari likienda, Qabale atabaki bibi mwongo tu, kama mabibi wengine wote. Hilo hangelikubali.

Pikipiki ikalia nje. Akaingia mwanamume mnene kidogo, koti la ngozi katika jua lile, kofia ya helmeti kwapani.

"Habari ya mchana, shosho," akasema, kama mjukuu amwamkiaye bibi yake. "Mimi ni Mwenda. Nimekuja kuona gari ya Bwana Wario."

"Nzuri, kijana wa Meru. Umekuja kununua ama kuzika?"

Mwenda akacheka. Akazunguka gari, akapiga tairi teke, akainama chini. "Injini iko sawa?" aliuliza. "Nataka kuitoa niweke kwa gari yangu ya miraa."

Qabale alihisi kama ametiwa kisu. Lakini alikuwa amejipanga. Akavuta uso wa huzuni, ule wa matangani.

"Mwanangu, nitakwambia ukweli kwa sababu una uso kama wa marehemu kaka yangu. Kwanza, hii kitu inakunywa. Ikikaribia stesheni ya mafuta, pampu zinajificha."

"Eh."

"Pili, breki yake ni dua. Kama hukuomba asubuhi, usiikanyage. Tatu, hiyo mkia. Ukikata kona, nyuma ndiyo inatangulia kusalimia watu."

Mwenda akajikuna shingo. Akaitazama sufuria. Akageuka nusu kuelekea pikipiki yake. Mulki aliona mama yake akiuma ndani ya shavu asicheke. Kazi ilikuwa imekwisha. Angenyamaza hapo tu, Mwenda angerudi Burat na koti lake.

"Asante, shosho," Mwenda akasema. "Kumbe ni gari ya maonyesho tu. Hata nilishangaa. Kitu na sufuria kama hiyo haiwezi kuwa na mbio."

Uso wa matanga ukamtoka Qabale.

"Haiwezi nini?" Qabale aliuliza.

"Mama," Mulki alinong'ona. "Mama, wacha."

"Haiwezi nini, wewe mbeba majani? Kaa hapo. Kaa chini! Siku moja tumetoka hapa na adhana ya adhuhuri ikiwa kwa masikio. Wallahi, tumefika Garbatulla bado ni asubuhi, watu wanakunywa chai. Nikaswali adhuhuri mara mbili, mara moja ya Isiolo na mara moja yao. Siku nyingine tumefika Kulamawe, nikatazama chini, hatuna kivuli. Kimebaki nyuma. Tukangoja robo saa kikaja kinahema."

Mwenda alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mkeka.

"Na wanajeshi? Waulize wanajeshi wa hapo kwenu Burat! Tumepita lori yao ya askari arobaini, wote wakasimama wakapiga saluti. Wamedhani ni mkubwa wao, maana nani mwingine angepita hivyo?"

Ukuta ukakohoa tena. "Mulki, mwambie mama hao wanajeshi walikuwa wamesimama wanabadilisha tairi."

"Mwambie mumeo ameona na nini? Kioo alikuwa ameng'oa!"

Mulki alikuwa anamtazama Mwenda, na Mwenda alikuwa anaitazama Starlet jinsi mtu anavyomtazama bibi harusi wa mwenzake.

"Naweza kuiwasha?" aliuliza.

Wario akarusha ufunguo juu ya ukuta. Kuku wakatolewa. Betri ya kuazima kwa Gladys wa ploti ya pili ikaletwa, ikafungwa. Gari likakataa mara moja, likakataa mara ya pili, ya tatu likanguruma mpaka mabati ya mtaa wa Bulla Pesa yote yakajibu, na Gladys akapiga kelele kwamba nguo zake kwa kamba zimejaa moshi.

"Nataka niende nayo mpaka barabara ya Burat na kurudi," Mwenda alisema, akipaza sauti.

"Huwezi kwenda tupu," Mulki alisema. "Mkia, kaka. Hiyo si mchezo. Ngoja tutafute mzigo."

Hata jerikeni moja ya maji haikuwepo. Walipogeuka, mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na Qabale yumo ndani, bakora mkononi, ametulia kama aliyeitwa.

Walikwenda. Ndani ya dakika kumi na mbili walirudi. Mulki alisikia kabla hajaona: ko-ko, ko-ko, ko-ko, bakora kwenye paa bila kupumzika. Qabale alikuwa amemweleza mtu yule maana ya bakora, akaamua kumtisha mpaka aache. Starlet iliingia bomani kwa ubavu, ikasimama kidole kimoja kutoka tangi la maji. Mwenda alitoka amelowa jasho, koti limefunguka.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu. Ng'ombe walikuwa wanaenda nyuma."

"Umeona?" Qabale alisema kutoka ndani. "Itakuua. Wacha tu."

"Naichukua. Leo. Na injini sitoi, shosho. Nani atatoa injini kama hii? Hii itakaa ndani ya hii hii."

Maneno ya Qabale mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yameliuza gari, na bakora ikamalizia. Kisha akavuta leso mabegani, akajikalisha vizuri zaidi.

"Haya. Twende."

"Shosho, shuka kwanza."

"Gari umesema unanunua kama ilivyo. Na hii iko na mzigo wake. Mzigo haushuki."

"Mama, tafadhali," Mulki alisema. "Watu wa Gladys wanachungulia."

"Wachungulie. Kijana, bibi yako anapika chapati laini? Mimi meno ni machache. Na asubuhi nataka chai ya maziwa ya ngamia, si hiyo yenu ya ng'ombe ya kusafisha vikombe."

Mwenda akashika kichwa. Akageukia ukuta. "Bwana Wario! Kuja utoe mama yako kwa gari!"

"Mulki, mwambie huyo bwana sina ruhusa ya kumwambia mama atoke. Hata ya kumwona sina."

"Basi nani atamwambia?"

"Hayuko!" Qabale alicheka, akagonga paa mara mbili. "Hajazaliwa! Mwambie mumeo hivi, Mulki, umwambie yote: kama anataka kuuza miaka tisa ya mgongo wangu, aje hapa, asimame mbele yangu, anitazame kwa haya macho mawili, aseme mwenyewe..."

Mlango wa gereji ukalia. Wario alikuwa anatoka. Alitoka kinyumenyume, mgongo mbele, taulo juu ya kichwa, mkono mmoja ukipapasa hewa, hatua baada ya hatua, moja kwa moja kuelekea mlango wa dereva. Mulki peke yake ndiye aliyekuwa upande wa kuuona uso wake, akaziba mdomo kwa kiganja asicheke. Mwenda akasogea kando. Gladys, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta wa ploti yake, akanyoosha shingo. Ndani ya gari Qabale alivuta leso mpaka kwenye pua, akainamisha kichwa, akafyata ulimi: heshima aliyoishika kama rungu sasa ilikuwa imemgeukia.