Salamu Zinaruhusiwa

Wiki iliyopita nilikuwa Bariadi, kwenye duka la steshenari karibu na stendi, nikingoja kutolewa kopi ya kitambulisho. Nimehama nacho miji mingi hadi maandishi yake yanafutika. Kijana mmoja alikuwa kwenye kompyuta akimsomea mwenzake masharti ya kuomba leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu. Ufaulu mtihani. Upewe jina la kuitia, la herufi na tarakimu, na ulitaje kila unapofungua na kufunga mazungumzo. Usirushe muziki. Usitangaze biashara. Kisha akasoma: usipeleke ujumbe wa mtu mwingine.

"Sasa si bora nibaki na simu yangu?" mwenzake akasema, wakacheka.

Mimi nilikaa kwenye benchi, nimechoka ghafla kama mtu aliyelima kutwa. Sharti hilo, ndugu yangu, nililijua kabla sijajua kusoma.

Kwetu ni upande wa Lagangabilili. Zamani hizo hapakuwa na ofisi za wilaya, ni mashamba ya pamba na migunga tu. Jirani yetu alikuwa fundi mitambo mstaafu. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wametawanyika. Alikuwa na redio ya namna hiyo, na leseni yake aliitundika ukutani ndani ya fremu, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Waya wake ulipita juu ya paa letu hadi kwenye mgunga. Jioni tulipokuwa tunachambua pamba, nyeupe huku na fifi, ile chafu, kule, tulimsikia akikohoa, akizitaja herufi zake polepole, halafu mvumo kama wa mvua inayokuja kwa mbali. Bibi alikuwa akichemsha matobolwa, na mpaka leo utamu wa vile viazi vikavu nikiunusa popote, masikio yangu husikia mvumo ule.

Baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa amehamia kusini na ng'ombe wa nyumbani, malisho yalipokwisha kwetu. Mvua zilikuja, zikaisha, hakuna neno. Na bibi alijua kwamba rafiki mkubwa wa jirani huko hewani alikuwa Msukuma mwenzetu, fundi aliyehamia pande hizo hizo na kuwafahamu wafugaji wote waliotoka kwetu.

"Baba," bibi alimwambia, "muulize huyo mwenzako kama mwanangu yuko hai."

"Mayu," akamwita, yaani mama kwa Kisukuma, "sheria hairuhusu. Huo ni ujumbe wa mtu mwingine. Wakinisikia wananinyang'anya leseni."

"Chombo kinafika mpaka waliko ng'ombe wetu, na neno moja kinashindwa kubeba? Punda wangu hana leseni, na magunia anabeba."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta, lakini hakukubali. Hakuwa mtu mbaya. Sauti ya yule rafiki ndiyo iliyokuwa imebaki kuongea naye nyumbani kwake. Bibi alirudi tena, na tena. Siku moja akauliza kwa upole, "Na salamu? Salamu nazo ni ujumbe?"

Jirani alifikiri kidogo. "Salamu ni zangu na mwenzangu. Salamu zinaruhusiwa."

Kama hukukulia kwetu, ujue kwamba salamu zetu haziishi haraka. Unauliza nyumba, watoto, mvua, ng'ombe, majirani, na kila swali linajibiwa mhola, yaani salama. Hata kama kuna msiba ndani, unajibu mhola. Habari yenyewe husemwa baadaye, salamu zikishakwisha na mgeni akishakaa.

Basi jioni ile tulikaa chini ya dirisha lake. Nyumba? Mhola. Mvua? Mhola. Ng'ombe? Mhola. Na vijana wetu waliokuja na ng'ombe? Sauti ya kule ilikawia kidogo. Mhola. Kisha ikasema, "Sasa, mzee, kuna jambo."

Jirani akazitaja herufi zake haraka, akazima.

"Umesikia mwenyewe, mayu. Mhola."

Bibi hakuinuka. "Nimesikia salamu. Habari iko wapi?"

"Zaidi ya hapo ni ujumbe."

"Amesema kuna jambo."

Jirani alitazama ukuta wenye fremu. Siku hiyo bibi hakula.

Kesho yake jirani aliifungua redio bila kuombwa na mtu. Tulimsikia akilitaja jina la baba mdogo, jina la babu na jina la kijiji chetu, kwa sauti kubwa, kwa Kisukuma, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Jibu lilipokuja halikufika kwetu. Alipokuja kwetu alikuwa amevaa shati lake la kanisani.

Alimsalimu bibi. Nyumba? Mhola. Wajukuu? Mhola. Shamba? Mhola. Hakuruka hata swali moja, na bibi hakumharakisha, ingawa nadhani shati lilishamwambia. Akampa kigoda na maji. Jirani akanywa, akaweka kata chini, ndipo akasema. Ilikuwa homa, wakati wa masika. Wamemzika huko huko, vizuri, watu wakiwa wengi.

"Wabeja, baba," bibi akamshukuru. Akaiokota kata, akauliza, "Na leseni yako?"

"Achana nayo, mayu."

Hakuna aliyekuja kuichukua. Lakini hatukumsikia tena akizitaja herufi zile. Alisema mtu aliyevunja sharti hawezi kujiita kwa jina lile. Jioni akawa anakuja kula kwetu, anakaa tu, na yule rafiki wa kusini sijui alimwita mara ngapi hewani bila kujibiwa.

Sasa mgunga haupo, wala nyumba zile. Sharti nalo, nani bado anahitaji mtu amvunjie, wakati kila mfuko una simu? Habari zinafika upesi kuliko salamu. Ya bibi ilinikuta stendi ya mji mmoja wa mbali, nimesimama, begi begani. "Bibi amefariki, uko wapi?" Aliyepiga akaishiwa salio. Nilibaki na simu sikioni, watu wakinipita, nikiitikia mhola, mhola, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.