Farasi Aliyekula Magodoro Yetu

Enzi zetu pale Lodwar, miaka ya tisini, mtoto hakuulizwa anataka kulalia nini. Sisi tulilalia magunia yaliyoshindiliwa nyasi kavu, ambayo Baba, karani wa serikali aliyehamishwa kutoka Kinangop, alikuja nayo juu ya lori. Yalichoma mbavu, yalinukia shamba, na hatukujua kuna raha nyingine.

Basi mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka na farasi kuelekea ziwani akashikwa na malaria, akapelekwa Nairobi. Farasi akaachiwa Baba, naye Baba akaapa kumrudisha akiwa mzima. Watu walimiminika kumwona. Jirani yetu Mama Akiru, mfugaji wa punda tangu utoto, alitusalimu, "Ejok," akamzunguka mara mbili, akauliza, "Hii punda mlilisha nini ikakuwa mrefu hivi?"

Tulimlisha githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa. Kwa Mama, mgeni hapewi majani, hata awe na miguu minne. Alimpikia sufuria nzima, na farasi akaifuta. Kesho yake tumbo lilikuwa limevimba, choo hakuna, anabingirika mchangani. Baba alichuchumaa kando yake na tai yake ya ofisini, akilia waziwazi. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Niliogopa sana.

"Hii tumbo inataka nyasi kavu, kidogo kidogo, siku yote," alisema Mama Akiru. "Nyinyi mlipea chakula ya harusi."

Nyasi zitoke wapi na kiangazi kile? Mbuzi wenyewe walikuwa wanatafuna katoni. Baba akatutazama sisi watoto watatu, halafu akatazama dirisha la chumba chetu.

Tulimtembeza, tukamnywesha maji, kisha tukapasua godoro la kaka, la dada, mwisho langu, tukimpa konzi baada ya konzi. Siku ya pili majirani walikuja na vigoda vyao, wakakaa kungoja choo kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Kilipodondoka, Mama Akiru alipiga kigelegele, na Baba akakiinua kwa mikono miwili kila mtu akione.

Wanangu siku hizi wana magodoro mazito kama ya hoteli, na ukiwaomba mto tu wanataka maelezo. Sisi tulilala sakafuni muhula mzima, tukilala fofofo, kwa sababu Baba alikuwa ameacha kulia.