Jiwe Katika Blanketi la Ngoie

Nilipokuwa mtoto pale Élisabethville, mwezi ulikuwa unakufa. Sisemi kwa mafumbo. Ndivyo tulivyosema kambini kwa wachimba shaba, "mwezi imekufa", na siku zile mbili tatu za giza hata walevi walipunguza makelele. Kambo, mama yake mama, alikuja na maneno hayo kutoka kaskazini, na mimi wa miaka minane niliyameza bila kutafuna.

Mdogo wangu Ngoie alizaliwa mwezi umebaki kama ukucha. Wiki nne zikapita, hanenepi. Zahanati ikawa inampa maziwa ya unga. Mwezi ulipokaribia kufa tena, Kambo akamtazama, akatikisa kichwa.

"Alizaliwa na mwezi yenye kufa. Inamuvuta. Ataenda anakuwa mwepesi, mwepesi, mpaka ataenda nayo."

Mama akageuka kuchochea moto. Kambo alimaanisha uhai wa mtoto. Mimi nikaelewa kwamba atapaa kweli, kama karatasi.

Siku ya kupima watoto ilikuwa asubuhi ya Juni, baridi ya kukata masikio, sista wa zahanati akakubali wapimwe na mablanketi yao. Mimi ndiye niliyembeba. Kwenye foleni nikamchomekea jiwe langu la kijani, lile lenye shaba ndani, kubwa kama yai. Sasa apae tuone!

Sista akasoma mizani, akacheka. "Eh, mama! Mutoto anakomea, anaongeza kilo! Basi, maziwa tutapatia mwingine."

Mama akapiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Ngoie azaliwe. Mungu wangu, nilitamani ardhi inimeze! Nikisema, namnyang'anya mama furaha yake. Nikinyamaza, Ngoie anakosa maziwa.

"Mama," nikasema, "ile uzito iko ya jiwe. Niliweka ili mwezi isimubebe."

Mama akafungua blanketi mwenyewe, akalitoa jiwe, akabaki amelishika. Nilijikunja nikingoja kofi. Sista akapima upya, safari hii hakucheka, akairudisha karatasi ya Ngoie upande wa maziwa.

Njiani mama alinishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma. "Na weye?" akasema. "Na weye uliogopa, siku zote hizi?" Kisha akalia barabarani, mchana kweupe, na mimi nikalia naye.

Ukubwani nilisoma kwamba mwezi haufi. Siku za giza uko pale pale, mzima, na uzito wake wote. Ni upande wake wenye mwanga tu ndio umetupa kisogo. Mvuto wake haupungui. Tena siku hizo huvuta pamoja na jua, na maji ya bahari hujaa kupita kawaida. Kambo hakuwahi kuiona bahari, lakini angelisikia hilo angenicheka wiki nzima. Ila mtoto wa wiki nne? Hata unywele wake haunyanyuki.

Ngoie ana wajukuu sasa, na mimi simcheki tena Kambo. Tulikuwa watatu ndani ya nyumba ile, kila mmoja akimwogopea mtoto yule yule. Kambo alikuwa na mwezi wa kulaumu. Mimi nilikuwa na jiwe. Mama hakuwa na kitu, wala mtu wa kumwambia, mpaka asubuhi ile.