Marehemu Alinitangulia Kununua Klachi

Mtu aliyekufa alinitangulia Runzewe kwa siku moja.

Najua unachosema hapo ulipo. Huyu fundi kavuta. Sivuti, sinywi, na hili lilinitokea mwaka jana mimi mwenyewe, Salmini, fundi magari. Gereji yangu ipo Ibadakuli hapa Shinyanga, si mbali na uwanja wa ndege. Wanaonijua wanajua sina kipaji cha kutunga.

Ilianza na Pijo.

Peugeot 504 nyeupe, ya mwaka 1978, otomatiki. Zamani magari haya yalijaa barabarani, lakini karibu yote yalikuwa manyuali. Otomatiki yake ilikuwa adimu hata enzi hizo. Aliileta jamaa anaitwa Herman, muuza vifaa vya ujenzi mjini, mtu wa shati la kuchomekea.

"Fundi, nataka uifanye manyuali. Iwe na klachi."

Nikaizungusha kidogo mtaani, nikarudi nayo. "Kaka, giaboksi hii nzima kabisa. Kwa nini uitoe?"

Akatoa simu, akanionyesha picha. Mzee mrefu, kofia ya pama, kasimama mbele ya gari lile lile kwa magongo mawili ya mbao. Mguu wa kushoto haukuwepo. Suruali ilikunjwa ikabanwa kwa pini juu ya goti.

"Baba yangu, Mzee Sostenes. Aliangukiwa na jiwe duarani, ndani ya shimo la dhahabu, huko Geita, ndiyo maana alinunua otomatiki. Sasa..." Akafuta macho. "Mzee ametutoka wiki iliyopita."

"Pole sana, kaka."

"Nataka arobaini yake nifike nalo kijijini likiwa manyuali. Mimi miguu ninayo yote miwili. Na kila nikiliona hivi lilivyo, namwona yeye."

Ungemuuliza nini tena mtu wa hivyo? Sisi huku mfiwa haulizwi maswali. Mfiwa anaendewa. Unakwenda nyumbani kwake, unakaa mkekani hata nusu saa, unatoa pole, unaondoka.

Mimi sikwenda. Nilikuwa na Fuso ya mtu juu ya jeki, nikamtumia Herman hela ya rambirambi kwa simu.

Mwamvua, mke wangu, alinisema siku ile ile.

"Baba Shadya, unashika mali ya marehemu na hata kuhani hujaenda?"

"Nimetuma."

"Kwa hiyo simu ndiyo imekwenda kukaa mkekani?"

Nikacheka. Siku mbili baadaye giaboksi ya otomatiki ilikuwa chini. Herman akaja na pikapu akaichukua, eti ukumbusho wa mzee. Pijo ikabaki juu ya mawe, tumbo wazi.

Giaboksi ya manyuali niliipata hapa hapa mjini. Shida ikawa vitu vidogo: pedali ya klachi, fok, yaani ule uma unaosukuma klachi, na mkono wa chuma unaoviunganisha. Bila huo mkono unakanyaga hewa tu. Havipo dukani. Ni mpaka upate 504 iliyokufa nyuma ya nyumba ya mtu, ulale chini, ufungue mwenyewe.

Nikaanzia Kahama kwa mama mmoja anaitwa Mbuke, anauza spea chakavu. Nilipotaja ninachotaka, akaweka mikono kiunoni.

"Bhebhe, wewe, mna nini na klachi za Pijo? Miaka kumi hakuna aliyeuliza. Juzi kaja mtu, leo wewe!"

"Mtu gani?"

"Mzee. Kachukua pedali na fok, hata kupunguziwa hakuomba."

Nikajisemea bahati mbaya, nikasonga mbele hadi Runzewe.

Pale Runzewe kuna jamaa anaitwa Januari, ana uwanja umejaa magari mafu. Aliponiona na mfuko wa spana akaanza kutikisa kichwa kabla sijasema neno.

"Wewe ndiye fundi wa Pijo?"

Nikashtuka. "Umejuaje?"

"Umechelewa siku moja. Kaja mzee jana, kafungua fok na mkono wa klachi mwenyewe. Halafu kaacha ujumbe. Kasema atakuja fundi kuulizia hivi vitu, mwambie asiendelee. Mwambie mwenye gari hajaridhia."

"Mzee yukoje?"

"Mrefu. Kofia ya pama. Mguu mmoja."

Jua la saa sita lilikuwa linawaka, mimi nikasikia baridi.

Januari akanipeleka kwenye mabaki ya 504 aliyoifungua yule mzee. Alama zilikuwa bado zipo kwenye vumbi. Vishimo viwili vya magongo, kiatu kimoja. Vishimo viwili, kiatu kimoja. Zimekuja hadi mlangoni mwa gari, zimezunguka, zimeondoka.

"Hakuacha namba ya simu?"

"Nilimwomba. Akasema simu hana tena."

Nikajiambia mizimu haiachi nyayo. Halafu nikajiuliza, nani aliyeniambia haiachi?

Nikampigia Herman. Nikamweleza yote, kofia, magongo, ujumbe. Kisha akauliza swali moja.

"Alikuwa anaelekea wapi?"

Hebu niambie wewe unayesoma. Baba yako umemzika juzi. Mtu anakupigia, anasema kamwona mtu kama yeye akinunua spea. Utauliza alikuwa anaelekea wapi?

"Sijui," nikamjibu.

"Basi rudi. Achana na huko. Nitaagiza vitu Dar." Akakata.

Sijakaa sawa, Mwamvua akapiga. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Shadya homa imepanda tangu alfajiri. Anaweweseka. Anasema kuna mtu kasimama mlangoni."

Shadya ni binti yangu, ana miaka saba.

Niligeuza ndoo tupu iliyokuwa pale nikaikalia. Msomi mmoja atasema malaria, na mimi najua malaria. Ila wewe hukuwa pale na zile alama za magongo mbele yako.

"Mpeleke hospitali sasa hivi," nikamwambia.

"Nampeleka. Na wewe kamalizane na huyo marehemu. Kamwombe radhi, Baba Shadya. Umemfumulia gari hata pole hujampa."

Hapo sikuwa natafuta klachi tena. Nilikuwa namtafutia mwanangu msamaha. Nikamuuliza Januari 504 nyingine iko wapi.

"Imebaki moja tu ukanda huu. Buseresere, nyuma ya karasha la kwanza ukitokea Katoro."

Nilifika kesho yake saa tano asubuhi. Karasha, kwa asiyejua, ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Inapiga kelele husikii hata unachowaza, na vumbi lake linafanya kila mtu awe mweupe kama kapakwa unga. Nikapita katikati ya wale watu weupe, hakuna aliyenisalimia, nikazunguka nyuma.

Ile 504 ilikuwa imesimama kwenye matofali. Haina milango.

Chini yake ulikuwa umetokeza mguu. Mmoja. Kiatu cheusi cha ngozi, kimepigwa rangi vizuri. Pembeni, magongo mawili yamelazwa kwa mpangilio, kofia ya pama juu yake.

Nilitaka kukimbia. Nilitaka kweli. Nikamkumbuka Shadya, nikasimama.

Karasha likazimwa. Kukawa kimya.

"Umefika, fundi," sauti ikasema chini ya gari. "Nipe spana ya kumi na tatu."

Niliitoa kwenye mfuko nikamnyooshea. Mkono ukaja kutoka kizani ukaipokea. Vidole vikagusana na vyangu.

Vilikuwa vya moto.

"Shikamoo," nikasema. Ndilo neno pekee nililokuwa nalo.

"Marahaba." Akajivuta taratibu, akatoka, uso umejaa grisi. Ni yule yule wa kwenye picha, ila kakonda. Akakaa akaegemea tofali, anahema.

"Mzee... wewe si umefariki?"

Akanitazama sana. "Lini?"

"Wiki tatu sasa. Mimi nilituma na rambirambi."

"Na ya kutolea uliweka?"

Nikacheka, halafu nikajikuta nalia. Sikuona aibu. Mzee aliniacha nilie nimalize, ndipo akaniuliza ni nani aliyenipa habari ya kifo chake. Nikamtajia Herman. Akageuza uso, akaanza kufuta grisi mikononi.

Akanisimulia. Alikuwa amelazwa, sukari imepanda. Aliporudi nyumbani akakuta gari halipo na simu yake imechukuliwa, eti apumzike. Herman akamwambia lipo gereji, linawekwa klachi. Gereji ipi, hakusema.

"Klachi inakanyagwa na mguu gani, fundi?"

"Wa kushoto, mzee."

"Basi nikaelewa."

Kila Ijumaa Mzee Sostenes alikuwa anaendesha kutoka Shinyanga hadi Buseresere. Hapo ana mke wa pili, Bhoke, na binti wa miaka sita anaitwa Kudra. Nyumba kubwa hawakutaka kusikia.

"Wana haki ya kukasirika," akasema. "Mama yake Herman nimemkosea, najua. Ila ukimkasirikia mtu unamsema. Humnyang'anyi mguu."

Kwa hiyo akapanda mabasi na magongo yake. Alikuwa dereva wa hizi gari miaka ishirini, anajua kila Pijo iliyokufa kutoka Kahama hadi Chato na imelala wapi. Akawa anakusanya kila mkono wa klachi kabla fundi asiyemjua hajafika. Bila hizo spea, alifikiri, nitakwama na nitairudisha otomatiki mahali pake.

Mwamvua akapiga tukiwa bado pale. Shadya kapewa dawa, homa imeshuka, anaomba chipsi. Ilikuwa malaria. Nikamshukuru Mungu, kisha nikabaki na kitu kibaya zaidi ya woga. Nilikuwa nimemkata mtu mzima mguu, na alikuwa hai wakati nakata.

Tulirudi Shinyanga pamoja. Nilimwita Herman gereji bila kumwambia nipo na nani. Alipoingia akamwona baba yake kakaa kwenye kigoda changu, akasimama kama gari lililokwisha mafuta.

"Giaboksi yangu iko wapi?" mzee akauliza.

Herman akaangalia chini. "Niliiuza kwa wa vyuma chakavu. Wameshaiyeyusha."

Yaani otomatiki ile adimu sasa hivi ni sufuria za watu. Niliapa kwa sauti, astaghfirullah.

"Mama analia kila Ijumaa, baba. Nilitaka tu utulie nyumbani."

"Sawa. Na fundi ulimwambia nini?"

Herman akaanza kuchomekea shati ambalo tayari lilikuwa limechomekewa.

"Sema, mwanangu. Ulimwambia nini?"

"Nilisema... umefariki."

Nilitegemea mzee apige kelele. Hakupiga. Alinigeukia mimi, akamimina sakafuni gunia la spea alilotoka nalo Buseresere. Pedali mbili, fok tatu, mikono ya klachi miwili, vyote vimefutwa mafuta.

"Fundi, unaweza kunitengenezea klachi ya mkono?"

Nilichukua siku tisa. Nilifunga wenzo wa klachi ya pikipiki kwenye fimbo ya gia, nikavuta waya hadi kwenye ule mkono wa Runzewe, nikauongeza urefu ili uwe mwepesi. Ukibana kwa vidole, klachi inaachia. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikutoza kitu. Mzee alizunguka nayo uwanjani mara mbili ikazima, mara ya tatu ikaenda.

Ijumaa Herman alikuja, akapiga magoti kwenye grisi na suruali yake ya kitambaa.

"Baba, nisamehe. Nenda, hakuna atakayekuzuia tena. Ila Jumapili urudi."

Mzee akabana wenzo, akaingiza gia.

"Ulishanizika, Herman," alisema kwa upole kabisa. "Aliyezikwa harudi Jumapili."

Akaondoka.

Huu ni mwezi wa nane tangu aondoke. Hajarudi. Herman amekwenda Buseresere mara tatu. Kila mara Bhoke anatoka, anamkaribisha maji, anamwambia vile vile: marehemu hapokei wageni. Nilikwenda mimi kumwombea msamaha. Mzee alinipa chai, akamuulizia Shadya, Kudra akanionyesha daftari lake. Nilipotaja jina la Herman, akaniuliza kama waya wa klachi unahitaji grisi.

Namwonea huruma Herman, nasema kweli. Alitaka baba akae nyumbani siku zote saba za wiki. Sasa hana hata moja. Ameanza kukonda, na watu wa kwao wanasema ni laana ya kumtangazia mzazi kifo. Mimi sijui. Najua tu kwamba usiku halali.

Ila lawama yangu naibeba mwenyewe. Ningekwenda kuhani siku ile, hata kwa nusu saa, nisingekuta turubai wala mkeka. Ningemkuta mama yake Herman anaanika mahindi, ningeuliza marehemu yuko wapi, wangenielekeza wodini. Uongo ungeishia mlangoni. Msiba hautumiwi kwa simu, ndugu zangu. Msiba unaendewa kwa miguu, hasa na sisi ambao bado tunayo.

Siku hizi ukiniletea gari la marehemu, nakuuliza kwanza kaburi liko wapi. Nikishaliona ndipo nashika spana. Wateja wawili wamenikasirikia mpaka sasa. Wa kwanza alinuna, lakini akanipeleka, nikaweka na ua.

Wa pili aliwasha gari akaondoka, na hajarudi.