Baba yangu, ghala la kahawa Bukoba, na presha tuliyoijua tumechelewa

Wakuu, habari za humu. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia akaunti, ila kuandika naandika mwenyewe. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Enzi za Mwingereza baba alikuwa karani wa ghala la kahawa Bukoba mjini. Mimi na mama tulibaki kijijini Buganguzi kwenye kibanja chetu, yaani shamba la migomba la nyumbani, yeye kapanga chumba Kitendaguro, kulekule mjini. Tulimwona Krismasi na Pasaka, basi.

Kijijini walituonea wivu. Baba ana viatu, ana kiti cha ofisini.

Kumbe kazi ile ilikuwa inammaliza. Kutwa kakaa, boss wa Kizungu anafoka nyuma yake, na msimu wa kahawa hakuna kupumzika. Chakula chake mkate na chai yenye sukari nyingi, halafu sigara, halafu sigara tena. Mtu aliyekuwa akilima na kupanda milima kwa miguu!

Siku moja jirani akaja na habari kutoka mjini kwamba baba ameanguka kazini. Mama akanishika mkono, tukapanda lori la kahawa.

Tulimkuta chumbani anafunga vifungo vya shati aende kazini. Miguu imevimba. Akasema daktari kampima, presha iko juu, kamwambia apumzike. Boss naye kasema atakayekosekana msimu huu asirudi tena.

Mama akamwambia, "Tata Koku, twende nyumbani." Koku ni mimi, na tata kwetu ni baba.

"Msimu ukiisha, mama Koku."

"Kila mwaka unasema hivyo. Huyu mtoto anakujua kwa sikukuu tu."

Baba akakaa kitandani. Akaniuliza kama migomba ya nyuma ya nyumba imezaa. Nikamjibu imezaa, lakini mama anaihudumia peke yake.

Akavifungua vile vifungo vya shati. Kisha akaanza kukunja nguo zake.

Alirudi nyumbani, ila moyo ulikuwa umeshachoka. Tulikaa naye mwaka mmoja na kidogo. Asubuhi tulitembea polepole kibanjani, akichoka anakaa, ananifundisha mgomba upi wa kupika na upi wa pombe. Alicheka sana mwaka ule.

Asubuhi moja hakuamka.

Wanangu sasa wamempita umri, na mimi bado nammiss. Mwaka ule ndio pekee niliowahi kuishi na baba.

Nyie wa maofisini, pimeni BP. Inukeni kwenye viti mtembee, sigara acheni, na likizo mkipewa nendeni kwa watoto. Ghala lilipata karani mwingine upesi. Mimi baba mwingine sikupata.

Kama humu kuna ambaye kazi ilimchukulia mzazi, aandike hapa chini. Nasoma taratibu, macho yenyewe ya miwani, ila nitasoma zote.