Sare Zilizoshonwa Zipasuke

Élisabeth alikuwa fundi cherehani wa kambi ya Kakuma Moja, mkimbizi kutoka Uvira, mjane mwenye binti mmoja wa miaka kumi na moja aitwaye Shalom. Watu walimjua kwa sauti yake kwenye kwaya na kwa mshono wake usioachia. Gauni alilokushonea, kitambaa kingechakaa kabla uzi haujakatika.

Mwezi wa pili mwaka 2013 alifika kibandani kwake mwanamume wa Nairobi aliyeitwa Njenga, kamera ndogo ikining'inia begani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sinema za bei rahisi, zile zinazouzwa barabarani kwenye mfuko wa nailoni na kuonyeshwa kwenye vibanda vya video. Safari hii alitaka ya wanawake wanaotoroka jela. Vijana wa kambini walizijua sana za namna hiyo kutoka ng'ambo: wanawake wamefungiwa, wanacharazwa, wanagaragazana matopeni, halafu wanaruka ukuta. Njenga alitaka yake iwe na jua la Turkana.

"Mathee, nishonee sare saba za jela, za milia," alisema. "Lakini usikaze sana. Mabegani na ubavuni weka mishono mirefu, uzi mmoja. Zishikane tu."

"Zitapasuka," Élisabeth akamwambia.

"Wacha zipasuke. Ni za sinema."

Akazishona hivyo, mikono ikikataa. Njenga alipokuja kuzichukua alimtazama juu hadi chini, akasema mwigizaji mmoja amemkosa, kwa nini yeye asiende? Siku mbili tu, kukimbia kidogo, halafu angerudishwa.

"Na kibali cha kutoka kambini?"

"Nimeshaongea na watu."

Alikubali. Tangu aingie kambini alikuwa amepigwa picha moja tu, ile ya kadi ya chakula, na hata hiyo alikuwa amefumba macho. Alimwacha Shalom kwa jirani yake Mélanie, Mkongo mwenzake mwenye watoto wawili, akapanda pikapu kwenda Lodwar.

Jela yao ilikuwa ghala bovu la mawe, nje ya mji, njia ya Lorugum. Alikuta wanawake wengine sita. Aliozoeana nao upesi ni Sellah, msusi wa Lodwar, na Atabo, Mturkana mwembamba mwenye kicheko, aliyekuwa akiuza makaa. Askari jela aliigizwa na Wekesa, bawabu wa baa. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Walikaa ndani, wakalia kidogo, wakapanga kutoroka, wakala chapati.

Siku ya pili, saa saba mchana, Njenga aliwapeleka kwenye laga, mto mkavu uliojaa mchanga na mawe, akawavua viatu. Mchanga uliunguza nyayo kama kikaango. Katika majaribio Wekesa alikuwa akipiga kiboko chini. Kamera ilipowashwa, alipiga migongo.

Sare ziliachia kwa mvuto wa kwanza. Bega likaenda, ubavu ukafunguka, na Élisabeth akaelewa kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe. Sellah alikumbatia kitambaa kifuani kwa mikono yote miwili. Alipojikwaa hakuwa na mkono wa kujizuia, akaanguka kifudifudi.

"Usijifunike! Kimbia!" Njenga alipiga kelele.

Atabo alianguka kwenye mawe, mkono ukabaki chini yake. Ulipotoka ulikuwa umepinda pasipo kiungo. Alilia Kiturkana, akimwita mama yake. Njenga alisogeza kamera karibu na uso wake.

"Endelea, Wekesa! Iko poa sana!"

"Ameumia!" Élisabeth alisema. "Simamisha!"

"Ukiharibu sauti tena, tunarudia toka mwanzo. Wote."

Hapo ndipo alipokimbia kweli. Alipanda ukingo wa laga, akapita kwenye miiba, akashika barabara akitafuta pikipiki ya kwenda kuleta msaada. Alifika penye maduka matatu na kundi la watu waliokuwa wakisubiri gari. Nao waliona nini? Mwanamke mwenye sare ya milia iliyoraruka, pekupeku, damu miguuni.

"Mfungwa! Ametoroka!"

Walimkamata. Wengine walitumia fimbo, wengine ngumi, na mwanamke mmoja alivua kiatu. Élisabeth akapiga ukelele, "Miye si mfungwa! Miye ni fundi! Hii ni sinema!"

Mwenye duka, mzee aliyeitwa Ebei, aliwazuia kidogo. "Sinema iko wapi, mama?"

Pikapu ilikuwa imesimama nyuma yao. Njenga alikuwa amesimama juu, kamera jichoni.

"Yule pale! Mwambie, Njenga! Waambie!"

Njenga aliendelea kupiga picha mpaka wakamfunga Élisabeth mikono kwa kamba, kisha akagonga paa la gari kwa kiganja, dereva akageuza. Ebei akawapigia polisi.

Polisi walijua mapema kwamba hakuna mfungwa aliyetoroka. Lakini huyu mkimbizi alikuwa akifanya nini nje ya kambi bila kibali? Mahakamani alieleza yote, lakini kibali hakuwa nacho. Alipewa mwezi mmoja. Gerezani hakuna aliyempiga. Alichagua maharagwe, alifagia, alilala mapema.

Aliporudi Kakuma, sinema ilikuwa imemtangulia. Watoto walimfuata tangu barabara kuu wakiimba, "Miye si mfungwa! Miye ni fundi!" Kumbe Njenga alikuwa ameitia sinemani ile sehemu yote ya kupigwa kwake barabarani, na kwenye vibanda vya video ndiyo iliyochekesha kuliko zote. Mwenye kibanda aliirudisha nyuma mara tatu kila watazamaji walipoomba. Mélanie, aliposikia mama Shalom yumo, alimpeleka mtoto akamwone. Shalom alikaa benchi la mbele, watu wazima wakicheka nyuma yake.

"Mama, ulifanya nini?" alimuuliza usiku ule wa kwanza.

"Sikufanya kitu."

"Sasa mbona walikupiga?"

Élisabeth alimsuka nywele mpaka akasinzia.

Gervais, kiongozi wa kwaya, alimwita pembeni. "Dada, pumzika kwanza. Ukisimama mbele, watu watauona mgongo wako wa kwenye sinema, hawatasikia wimbo." Wateja walikuja bado, lakini wengi walikuja kumtazama, wakashika vitambaa, wakaondoka. Sellah alimpigia simu kutoka Lodwar: mkono wa Atabo uliunga vibaya, hawezi tena kunyanyua gunia.

Mwezi wa kumi pikapu ilirudi. Njenga aliingia kibandani akitabasamu.

"Mathee, wewe ni staa! Mpaka Juba wanakuuliza. Tunafanya sehemu ya pili."

"Atabo hajambo?" Élisabeth alimuuliza.

"Nani?"

Akasimama, akaufungua mlango mpaka mwisho, akangoja atoke. Njenga alitoka, akaenda kubisha kwa Mélanie.

Jioni hiyo Élisabeth alikwenda kwa Mélanie akamweleza yote upya: kiboko, mawe, kamba, mwezi wa gerezani. Alifungua kitenge akamwonyesha mgongo. Mélanie alisikiliza huku akikunja nguo zake kwenye begi.

"Weye ulikimbia vibaya," Mélanie alisema. "Miye atakaponiambia nisimame, nitasimama. Utanichungia watoto?"

Asubuhi pikapu iliondoka na wanawake watano nyuma, wakiimba na kupunga mikono. Élisabeth aliwashika watoto wawili wa Mélanie mkono, mmoja huku mmoja huku, akawaingiza ndani, akaanza kuwakorogea uji.